Mjomba, Nimesema Tano!

Mama yangu hadi leo anaamini nilikuja Marekani kusomea ufundi wa friji. Simlaumu. Siku ya kwanza nilipompigia video nikiwa karakana, nikageuza simu aione mashine, alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mwanangu, hilo si friji la buchani?"

"Hapana mama, hii ni kompyuta."

"Mbona haina kioo?"

"Ni ya zamani, mama. Ya miaka ya sabini."

"Kwani mpya hawakupi?"

Sikuwa na jibu. Ni kabati refu kuliko mimi, lina mafeni yanayovuma kama mashine ya kusaga nafaka, na mbele lina safu ya swichi za rangi ya zambarau na waridi utadhani zimechaguliwa na bibi harusi. Jina lake PDP-11/40. Ilitengenezwa na kampuni ya Digital, ambayo makao yake yalikuwa Maynard, Massachusetts, ndani ya kiwanda cha zamani cha kufuma sufu. Karakana yetu haiko mbali na hapo. Kila Jumamosi tunakutana watu wachache tusio na shughuli za maana, tunafufua kompyuta za kale bila malipo. Kiongozi wetu ni mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuzitengeneza mashine hizi enzi zake. Mimi namwita Mzee tu. Yeye anadhani ndiyo tafsiri ya "bosi".

Sasa, kuwasha kompyuta hii si kubonyeza kitufe ukaenda kuchemsha chai. Ukiwasha umeme, mafeni yanavuma, taa zinawaka, na mashine inakutazama. Haijui lolote. Haijui hata kama ina diski. Mfumo endeshi, kwetu ni Unix toleo la sita la mwaka 1975, umelala kwenye diski, na mashine haina akili ya kwenda kuuamsha. Kuna waliokuwa wanaijazia kadi maalumu ya kuifundisha kazi hiyo. Yetu haina. Kwa hiyo unaifundisha wewe, kwa vidole: unaiandikia programu ndogo ya maneno tisa, swichi moja baada ya nyingine, juu ni moja, chini ni sifuri. Unapanga swichi kumi na sita, unainua ile iitwayo DEP, neno linaingia kwenye kumbukumbu. Unapanga tena. Swichi nyingine za amri unazibonyeza chini, DEP peke yake ndiyo unainua, nadhani ili usije ukaandika kitu kwa bahati mbaya. Nia nzuri. Haikunisaidia.

Namba zake nazo hazina nane wala tisa. Zinaishia saba, maana kila tarakimu, ukiacha ya kwanza, inapangwa kwa swichi tatu. Anwani, yaani mahali neno linapokaa kwenye kumbukumbu, zinaruka mbili mbili, kwa hiyo ukihesabu unatoka 1006 unaingia 1010, na ukimweleza mtu wa kawaida anakuangalia kama umepata homa.

Maneno hayo tisa Mzee anayo kichwani. Mimi nayasoma kwenye karatasi aliyoiandika kwa mkono na kuibandika nyuma ya kabati. Nyuma! Swichi ziko mbele. Kwa hiyo kila neno ni safari: zunguka, soma, rudi, panga, umesahau, zunguka tena. Wiki ya kwanza nilipungua kilo.

Jumamosi hiyo tulikuwa na wageni. Watu kama kumi na tano, pamoja na watoto, wamekuja kuona kompyuta ikiamka. Mzee akaniambia, leo washa wewe, mimi nawaonyesha mashine za kuchapa chumba cha pili. Kabla hajaenda akarudia maagizo yake mawili. Diski ikishashika mwendo, bonyeza WT PROT ili isiandikike, mpaka mfumo uanze kuitika. Halafu, ukimaliza kupanga maneno, yasome yote upya kwa swichi ya EXAM uhakikishe. Nikamwambia ondoa shaka.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mimi mawazo mazuri hunijia nikiwa na watazamaji.

Mpwa wangu ana miaka tisa, yuko Tanga kwa mama, na alikuwa ananisumbua kwa wiki nzima: "Mjomba, lini utaniachia niwashe hilo friji?" Nikaona hii ndiyo fursa. Nikapiga picha ile karatasi, nikamtumia, nikampigia. Yeye asome Tanga, mimi nipange Massachusetts. Safari za kuzunguka kabati zimekwisha, mtoto amefurahi, na wageni wataona kompyuta ya miaka ya sabini ikiwashwa kutoka Afrika. Huku ilikuwa saa nne asubuhi, kwao saa kumi na moja jioni, saa ya kukaanga samaki.

Nikaingiza diski kwanza. Hizi diski zinaitwa RK05. Unabeba kasha la plastiki kubwa kama sinia la pilau, unalisukuma kwenye mdomo wa mashine, unafunga mlango, unageuza swichi kwenda RUN. Inaanza kunguruma, inapanda hadi mizunguko 1500 kwa dakika, kisha unasikia "tak" na taa ya RDY inawaka. Sinia lote hilo linabeba megabaiti mbili na nusu. Picha niliyomtumia mpwa wangu isingeingia.

Taa ya RDY ikawaka. Nikanyoosha kidole kwenye WT PROT.

"Umekula?" Mama huyo, ameingiza uso kwenye simu.

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Huwezi kumjibu mama swali la pili huku unabonyeza kitu. Nikamwelezea mayai, akaniuliza na nini, nikasema na mkate, akasikitika, akaondoka. Na mimi nikaendelea na kazi pale nilipodhani nimeishia.

"Haya mwanangu, soma."

"Sifuri, moja, mbili, saba, sifuri, sifuri," akasoma kwa sauti ya darasani, kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Nikapanga. DEP. Wageni wakasogea. "Moja, saba, saba, nne, sifuri, sita." DEP. Tukaenda vizuri hivyo hadi neno la tano. Nilikuwa najiona rubani.

Neno la sita linatakiwa liwe sifuri tano halafu tano, 000005. Mpwa wangu akaanza: "Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, ta…"

Bodaboda ikapita. Ninaifahamu ile bodaboda, ni ya jirani, haina ekzosi.

"Ta ngapi?"

"Ta…!" Simu ikakwaruza.

"Tatu?"

"Ndiyo mjomba, ta…o!"

Nikapanga tatu. Tukamaliza. Tena nikahakikisha, msinione mzembe! Nilirudi mwanzo nikayasoma maneno yote kwa EXAM, namsomea yeye, yeye anaangalia picha. Nilipofika la sita nikasema, "Sifuri tano, halafu tatu." Yeye kule, katikati ya mafuta yanayochachatika, akasikia sifuri… tano. Akajibu kwa ujasiri wote: "Sawa mjomba!"

Nikawageukia wageni. Nikawaambia kwa sauti ya mtangazaji kwamba sasa tunaamsha mfumo uliotumika kabla wengi wao hawajazaliwa. Nikapanga anwani 001000, nikabonyeza LOAD ADRS, nikatoa HALT, nikabonyeza START.

Diski ikasema "tik". Taa zikapepesa mara moja. Taa ya RUN ikazima.

Kimya. Mafeni tu.

Nilitakiwa nione alama ya @ kwenye mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta hii, ndiyo namna Unix hii inavyoitika hodi. Karatasi ilikuwa nyeupe kama sanda. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kondakta aliyesahau chenji, nikabonyeza START tena. Tik. Kimya. Mara ya tatu, tik, kimya. Mtoto mmoja akamuuliza baba yake kama ndiyo imekwisha.

Basi nikatumia dawa ambayo haijawahi kuwaangusha mafundi wa mtaani kwetu, iwe redio, king'amuzi au simu: zima, washa. Nikaisimamisha diski kwa adabu, nikageuza ufunguo, kabati zima likafa. Nikahesabu kumi. Nikawasha. Nikasubiri RDY. START.

Tik. Kimya.

Mzee akatokea na kikombe cha kahawa. Hakuniuliza kitu. Akaangalia kwanza taa za diski, na nikaona uso wake ukibadilika, maana ile taa ya WT PROT haikuwa inawaka. Akaweka kahawa chini. Akapanga anwani 001012 bila kutazama karatasi, akabonyeza LOAD ADRS, kisha EXAM. Mwishoni mwa safu zikawaka taa mbili zilizokaa jirani.

"Tatu," akasema.

"Ndiyo, tatu," nikamjibu.

"Inatakiwa tano."

Naomba nieleze hapa, kwa sababu hata mimi sikuelewa mpaka jasho lilipokauka. Neno lile la sita ndilo amri inayopelekwa kwenye diski. Tano, yaani juu-chini-juu, maana yake ni: soma kipande cha kwanza cha diski ukilete kwenye kumbukumbu. Tatu, yaani chini-juu-juu, maana yake ni: chukua kilichopo kwenye kumbukumbu, ukiandike kwenye diski. Swichi moja pembeni. Na asubuhi ile Mzee alikuwa amepima kumbukumbu akaiacha imejaa sifuri. Kwa hiyo nilikuwa nimechukua maneno 256 ya sifuri nikayapiga juu ya kile kipande kinachoanzisha mfumo, halafu mashine ikaruka kwenda mwanzo wa kumbukumbu kutekeleza ilichodhani imekisoma. Kule ikakuta sifuri. Na sifuri kwa lugha ya PDP-11 ni amri pia: simama. Ikasimama. Mashine ilikuwa inatii vizuri kabisa. Kila nilipobonyeza START nilikuwa nafuta upya nilichokwisha kukifuta.

"Lakini nilizima nikawasha," nikajitetea.

Mzee akanitazama kwa huruma. Akaniambia kumbukumbu ya mashine hii ni vijipete vya sumaku vilivyofumwa kwenye nyaya, havihitaji umeme kukumbuka. Ningeweza kuizima, nikapanda ndege hadi Tanga, nikala wali, nikarudi, ningelikuta kosa langu limekaa palepale linanisubiri. Nina shangazi wa namna hiyo.

Akataka kujua imekuwaje mtu mzima akachanganya tano na tatu. Nikamwonyesha simu. Mpwa wangu bado alikuwa hewani, ameshika mashavu, anaangalia kwa makini kama mechi ya watani wa jadi. Nikamwambia Mzee kwamba kwetu tano ni "tano" na tatu ni "tatu". Akarudia: tano, tatu. Tatu, tano. Akaanza kutabasamu. Kisha akaegemea kabati akacheka mpaka akavua miwani.

"Mjomba," ikatoka sauti kwenye simu, sasa mtandao safi kabisa, kila herufi inasikika, "mimi nilisema TANO."

Kilichoniokoa ni kwamba Unix ile haihifadhi faili lolote kwenye kipande cha kwanza. Daftari la mfumo wa mafaili linaanza kipande kinachofuata, na programu yetu inagusa kimoja tu. Mzee akatoa kasha la akiba kabatini, akaliweka kwenye diski ya kwanza, langu lililofutika akalipeleka diski ya pili. Akabonyeza WT PROT, akanitazama ili nione kidole kilivyobonyeza. Safari hii alisoma yeye, kwa Kiingereza. Nikapanga, START, diski ikanguruma vizuri, na ile mashine ya kuchapa ikagonga: @. Nikaandika rkunix, jina la faili la mfumo wenyewe. Kidogo, "login:" ikajichapa kwenye karatasi, na wageni, wale sita waliobaki, wakapiga makofi. Mzee akaruhusu diski iandikike, akanakili kipande kimoja kutoka huku kwenda kule, baiti 512, ndiyo maneno 256 yale, amri ya mstari mmoja. Kazi ya kuharibu ilinichukua nusu saa.

Jioni tukaizima inavyotakiwa. Unaandika sync, unaandika sync, unaandika sync, ili vilivyobaki kwenye kumbukumbu viandikwe kwenye diski kabla ya HALT. Mara moja ingetosha, lakini wazee wa Unix wanaaga kama watu wa msibani, mara tatu ndipo wanaondoka.

Mpwa wangu aliniuliza kama ina gemu. Nikamwambia ipo ya X na O. Akauliza ina rangi gani. Nikamwambia inachapwa kwenye karatasi. Akampa bibi yake simu.

Mzee naye kaja na utaratibu mpya. Kila Jumamosi nikiingia karakana haniamkii, ananinyooshea kiganja kilichokunjuliwa, vidole vyote vitano. Siruhusiwi kugusa swichi mpaka nimrudishie vitano vyangu. Wageni wanadhani ndivyo watu wa Tanga wanavyosalimiana, na juzi mmoja wao, mama wa makamo, kabla ya kuondoka alinijia kwa heshima kubwa, akaninyooshea vidole vitatu.

Mzee alilazimika kutoka nje.