Mashindano ya video shuleni yaanzie kwenye simu ya mwalimu

Kila yanapopangwa mashindano ya wanafunzi ya video, vipindi vya sauti na masimulizi ya picha, vikao huanza na zawadi na mgeni rasmi. Naomba tuanze kwingine: shule ya kata isiyo na chumba cha kompyuta itashiriki kwa kifaa gani?

Itashiriki kwa simu ya mwalimu, hakuna kingine. Wanafunzi wetu wa Tanzania hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na kamera ni ndoto. Basi kanuni zote ziifuate simu hiyo. Video isizidi dakika tatu, na irekodiwe kwa simu tu, hata na shule binafsi yenye studio yake. Simu ikirekodi kwa ubora wa picha wa 1080p hula takriban megabaiti 130 kwa dakika, na hakuna mtoto anayerekodi mara moja akapatia. Ukishusha hadi 720p unaokoa karibu nusu ya nafasi, na picha inabaki safi.

Kazi zisidaiwe kwa intaneti. Ukimwambia mwalimu apakie video mtandaoni, unashindanisha mabando. Flash moja ya GB 32 inabeba kazi za shule zote za kata na nafasi inabaki. Afisa elimu kata azikusanye, zichujwe, zipande wilayani na mkoani, kama timu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, zinavyopanda hadi taifa. Njia hiyo walimu wanaijua tayari. Wenzetu wa Kenya wanachuja hivyo hivyo kwa ngazi katika tamasha lao la shule, lililoanza na maigizo mwaka 1959 na baadaye likaongeza filamu.

Kundi la sauti peke yake nalitetea kwa nguvu zote. Halihitaji taa wala pazia, na faili lake ni dogo. Mwanafunzi wa Mtwara anaweza kumhoji bibi yake kuhusu korosho, akaweka sauti ya wabanguaji, akasimulia mwenyewe, ikawa kazi inayosikilizika kuliko video kumi za watoto waliojipanga mstari mbele ya kamera wakikariri. Tena sauti ndiyo inayoharibu video nyingi za shule: upepo, kengele, simu iliyowekwa mita tano kutoka kwa msemaji. Waandaaji wakitoa siku moja tu ya mafunzo kwa walimu, waitumie kwenye sauti.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni uamuzi wa majaji. Kazi hupelekwa kwa fundi wa video mjini, hurudi inang'aa, na jaji huipa alama za juu bila kumwona mtoto. Sasa kuna na programu za akili mnemba zinazotunga picha na sauti, kwa hiyo kutazama skrini tu hakutoshi. Young Scientists Tanzania, mashindano ya sayansi ya wanafunzi yaliyoanzishwa mwaka 2011 kwa mfano wa maonesho ya Ireland, huwafikisha majaji mbele ya wanafunzi na kuwahoji juu ya utafiti wao. Nasi tufanye hivyo. Nusu ya alama iwe ya mahojiano, na kikundi kije na rekodi ghafi, yaani kabla hazijakatwa. Jaji aulize: kwa nini mlianza na picha hii? Nani alikataa kuhojiwa? Mmeondoa nini? Aliyekata video kwa mkono wake anajua alichokitupa, na ataeleza kwa furaha.

Ridhaa ya mzazi ipatikane kwa maandishi kabla ya kurekodi, si baada ya kushinda. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto si tangazo la mdhamini. Muziki nao usichotwe kwa wasanii bila ruhusa. Kila shule ina ngoma na kwaya, virekodiwe.

Mashindano yatangazwe Januari shule zikifunguliwa, fainali iwe kabla ya Agosti. Kuanzia hapo kidato cha nne kiachwe kijiandae na mtihani wa Novemba.

Na zawadi ibaki shuleni. Kompyuta mpakato ya mshindi mmoja huondoka naye akihitimu. Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, stendi ya simu na diski ya kuhifadhia kazi zitamsaidia na mtoto ambaye bado yuko darasa la saba.