Florida State 2023: bingwa aliyefungwa mezani

Mjadala wa Florida State ya 2023, timu ya chuo ya futiboli ya Marekani ambayo kamati iliinyima nafasi ya kuwania ubingwa wa taifa ingawa haikuwa imepoteza mechi, ukifufuka, hazipiti dakika mbili kabla mtu hajachomoa 63-3. Hayo ni matokeo ya Orange Bowl ya Desemba 30 mwaka huo, Georgia ilipoichakaza timu hiyo ya Tallahassee kwa tofauti ya pointi 60, kubwa kuliko zote katika historia ya mechi za bowl, zile mechi maalumu za mwisho wa msimu. Hapo watu hufunga mafaili: mnaona, kamati ilijua. Kwangu mimi, matokeo hayo yamebebeshwa ushahidi yasiokuwa nao.

Tukumbushane kwa ufupi. Florida State ilitwaa ubingwa wa ligi ya ACC ikiwa imeshinda mechi zote 13. Desemba 3, kamati ya watu 13 inayochagua timu nne za kuwania ubingwa wa taifa wa vyuo ikazitaja Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State ikawekwa ya tano. Tangu mfumo huo uanze msimu wa 2014, haikuwahi kutokea bingwa wa mojawapo ya ligi kubwa tano aachwe nje bila kupoteza hata mechi moja. Chanzo kilikuwa mguu wa mtu mmoja: kwotabeki Jordan Travis, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, aliumia Novemba 18 dhidi ya North Alabama, na msimu wake ukaishia hapo.

Kamati haikukurupuka. Kanuni zake zinaruhusu kuzingatia kukosekana kwa mchezaji muhimu, iwapo kunaweza kuiathiri timu huko iendako. Alabama, yenye kipigo kimoja tu, ilikuwa imetoka kuilaza 27-24 Georgia ambayo ilikuwa imeshinda mechi 29 mfululizo. Na ukiichukua Alabama huwezi kuiacha Texas, iliyoifuata kwao Tuscaloosa mwezi Septemba na kuifunga 34-24. Isitoshe, Alabama haikuwaaibisha walioichagua: ilitolewa kwa 27-20 katika muda wa nyongeza na Michigan, ambao ndio waliokuja kubeba kombe. Anayesema ilibebwa hakuiangalia ikicheza.

Ugomvi wangu uko kwenye mechi ya Charlotte, Desemba 2, fainali ya ACC dhidi ya Louisville. Tate Rodemaker, aliyempokea Travis na kushinda 24-15 ugenini kwa chuo kingine, Florida, wiki moja nyuma, naye alikuwa nje kwa kuumia kichwa. Akaanza Brock Glenn, kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Alirusha pasi 21, zikafika 8, yadi 55 kwa mechi nzima. Kwa macho ya burudani, ilikuwa mechi ya kusinzia. Kocha Mike Norvell alijua alichonacho, akaamua watu wakimbie na mpira na ulinzi ufanye kazi yake. Lawrance Toafili akapokea mpira moja kwa moja bila kupitia kwa kwotabeki, akatimka nao yadi 73, kisha akaumalizia mwenyewe kwa tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Louisville haikufikisha hata yadi 200. Mwisho wa mchezo: 16-6.

Usiku ule kamati iliona timu isiyojua tena kushambulia. Mtu aliyekulia kwenye soka letu ataona timu iliyopaki basi ikaondoka na kombe, na hajawahi kusikia bodi ya ligi ikikata pointi kwa sababu ushindi haukuvutia.

Mfano wa nyuma upo, tena wa msimu uleule wa kwanza, 2014. Ohio State ilifika fainali ya ligi ya Big Ten na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, ikaitandika Wisconsin 59-0, ikaingizwa ya nne na kuchukua ubingwa wa taifa. Timu hiyo ilikuwa imeshapoteza mechi moja. Watetezi wa kamati hujibu kwamba 59-0 si 16-6. Sawa, lakini basi tuambiane ukweli: kushinda kulikuwa hakutoshi, ilitakiwa kushinda kwa mbwembwe.

Sasa turudi Orange Bowl. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza. Keon Coleman, Trey Benson na Jared Verse walikuwa tayari wanajiandaa na ligi ya kulipwa ya NFL; Rodemaker alikuwa anahama chuo; wengine majeruhi. Glenn akaanzishwa akiwa na kikosi ambacho hakikufanana na kile cha Charlotte, sembuse kile kilichoifunga LSU 45-24 mwanzoni mwa msimu. Ni kweli Georgia nayo iliachwa nje na ilikuwa na mapengo yake, ila ikaja kucheza. Hilo siwezi kulipuuza. Lakini wale vijana wangekaa pembeni kama mechi ile ingekuwa nusu fainali ya taifa? Kamati iliondoa sababu ya kucheza, halafu watu wakachukua matokeo ya kukosa sababu hiyo kuwa ushahidi kwamba kamati ilikuwa sahihi. Kinachopimwa hapo ni uamuzi wenyewe.

Travis aliandika mtandaoni kwamba bora mguu wake ungevunjika mapema zaidi, watu wapate muda wa kuona kuwa timu haikuwa yeye peke yake. Mchezaji anatamani angeumia Septemba. Mfumo unaomfikisha mtu kwenye hesabu hiyo una kasoro, hata kama timu nne zilizochaguliwa zilikuwa bora.

Tangu 2024 zinaingia timu 12, na mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi walihakikishiwa nafasi. Mabadiliko ya kuwa na timu 12 yalipitishwa 2022. Yangeanza msimu mmoja mapema tu, bingwa wa ACC mwenye ushindi 13 angeingia bila kujadiliwa na mtu.