Shimo la Nicoll Highway, Singapore: ukuta mzito au vipimo vya kila siku?

Ukichimba shimo la mita 30 katikati ya mji, ardhi ya jirani itasogea tu. Ukuta wa zege unaozuia udongo hupinda kuelekea shimoni, na nyuma yake ardhi hutitia. Mwaka 1969 Ralph Peck, mhandisi wa Marekani, alikusanya vipimo vya mashimo mengi. Kwenye mchanga au mfinyanzi mgumu, ardhi ilititia kwa chini ya asilimia 1 ya kina cha shimo. Kwenye mfinyanzi laini sana ilifika asilimia 2, hata kuzidi. Kwa shimo letu asilimia 2 ni sentimita 60. Nyumba ya matofali ikititia upande mmoja tu, hata sehemu ndogo ya hizo inatosha kuipasua.

Sasa ubishi. Kuna wanaotaka ukuta mnene na mihimili mingi ya chuma, ile inayokatiza shimo ukuta hadi ukuta ili zisiegemee ndani, tangu siku ya kwanza. Wengine wanasema huo ni ufujaji: anza na mfumo wa wastani, pima kila hatua, ongeza nguvu pale ardhi inapodai. Wana hoja, maana hakuna anayejua udongo wa kila mita kabla ya kuuchimba. Peck mwenyewe aliitetea njia hii mwaka huohuo, ila kwa sharti zito: hatua za kuchukua mambo yakiharibika ziwe zimeandaliwa kabla.

Singapore ilionyesha sharti hilo likipuuzwa inakuwaje. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa ikichimbwa kwenye mfinyanzi laini wa baharini, kando ya barabara kuu ya Nicoll Highway. Hesabu za usanifu ziliupa udongo nguvu usiyokuwa nayo. Ukuta ulipopinda kupita kikomo, hesabu zilirudiwa na kikomo kikapandishwa. (Homa imepanda, unabadilisha kipimajoto!) Asubuhi ya Aprili 20, 2004, wafanyakazi walisikia vishindo vya chuma. Pale mihimili ya safu ya tisa kutoka juu ilipokutana na boriti zilizolazwa ukutani, chuma kilikuwa kinajikunja. Wakajaribu kumwaga zege ili kukikaza. Saa tisa na nusu alasiri kila kitu kiliporomoka, barabara ikaenda nacho, na watu wanne wakafa.

Watetezi wa vipimo watasema vipimo vilifanya kazi yake, watu ndio hawakuvitii. Ni kweli, lakini jibu hilo halinitoshi. Udongo mara nyingi husogea polepole na kukupa siku za kufikiri. Kiungo cha chuma kinaweza kukupa saa chache tu. Tena anayesoma kipimo mara nyingi hana mamlaka ya kusimamisha mashine, na mwenye mamlaka anahesabu gharama ya kila siku inayopotea.

Baada ya hapo Singapore ilitaka mfumo uhimili hata mhimili mmoja ukikatika. Ni ghali, bila shaka.

Kwa ghorofa mbili za maegesho chini ya ardhi, kwenye mchanga mkavu, jirani akiwa mbali, ningekubali kupima na kurekebisha. Kwenye mfinyanzi laini, magari yakipita pembeni, nataka mhimili wa ziada hata mwenye fedha akinuna.