Iacheni mechi ya kirafiki iishe

Jamani, wenye vibanda vya mpira hapa Malindi, mnatuudhi. Mtu analipa kiingilio kamili kuitazama Manchester United ikijinoa kabla ya msimu, halafu kipindi cha kwanza kikiisha tu, rimoti inachukuliwa, inawekwa muvi. "Hii ni kirafiki, haina pointi." Haina, sawa, lakini sisi tunajua tulichofuata. Kipindi cha pili ndipo kocha hubadilisha karibu kikosi kizima na kuingiza chipukizi wa akademia. Hapo ndipo unamwona kijana wa miaka 18 akiomba mpira huku beki amemganda mgongoni, kisha anageuka nao bila woga. Mimi hayo ndiyo hunipa matumaini, si matokeo. Matokeo tuliyaona Julai 2022: Liverpool tuliwapiga 4-0 kule Bangkok, na Agosti, kwenye ligi yenyewe, Brentford wakatupiga sisi 4-0. Ubingwa wa ligi hatujaugusa tangu 2013, mwaka aliostaafu kocha wetu Ferguson, kwa hiyo lazima tuone nani anakuja. Zile mechi za kirafiki za Marekani za saa nane usiku hamzionyeshi kabisa, tunazifuata kwa simu. Hizi za jioni basi, tuachieni dakika zote 90, muvi ije baadaye.