Reli ipo, abiria wa Dodoma tumesimama barabarani

Tangu Julai 2024, kwenda Dar es Salaam kumekuwa jambo la asubuhi moja. Unapanda treni ya umeme ya SGR, ile inayofika kilomita 160 kwa saa, na mchana unafanya shughuli zako Kariakoo. Naisifu kwa moyo wote.

Ila jirani yangu anafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na kila alfajiri anagombania daladala. Kwake SGR haijabadilisha kitu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili, na nyumba zinazidi kusogea pembezoni kwa sababu viwanja vya karibu havishikiki bei.

Sasa tazama reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, iliyofika hapa mwaka 1910 enzi za Mjerumani. Inatoka Kikombo, inapita Ihumwa jirani na Mtumba, inaingia katikati ya mji, inaendelea Zuzu, Kigwe hadi Bahi. Humo humo ndimo wanamoishi watu wanaogombania daladala.

Dar walishaonyesha njia. Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa waziri, reli ya aina hii hii ilianza kubeba abiria wa mjini kati ya Stesheni na Ubungo, asubuhi na jioni. Watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe.

Ugumu upo, tena mkubwa. Njia ni moja: treni zikikutana, mojawapo lazima isubiri stesheni ipishe, na mizigo ya bara nayo inataka nafasi. Kwa hiyo fedha za mwanzo ziende kwenye njia za kupishana, mawasiliano kati ya stesheni, na mageti pale barabara inapokata reli. Majengo ya vioo yasubiri. Jukwaa la zege, paa la kuzuia jua letu hili, taa na choo kisafi vinatosha. Lakini saa iheshimiwe, maana mfanyakazi akichelewa siku tatu mfululizo anarudi kwenye daladala na humwoni tena.

Naomba tuanze na treni moja tu. Iondoke Bahi alfajiri, na behewa moja liachwe kwa akina mama wanaoleta mchele soko la Majengo. Ihumwa ifike kabla ya saa 1:30, ofisi zinapofunguliwa. Jioni iwarudishe.