Tetemeko au bomu? Ubishi wa Punggye-ri

Kuna watu wanakwambia siku hizi huwezi kuficha bomu la nyuklia chini ya ardhi, mashine za kupima mitikisiko ya ardhi zinakuumbua saa hiyohiyo. Kwa bomu kubwa nakubali, ila kwa dogo subiri kwanza.

Chukua Septemba 2017. Tarehe 3 Korea Kaskazini wamelipua bomu la nyuklia pale Punggye-ri, mlima wao wa majaribio, mtikisiko wa ukubwa 6 na ushee kwenye kipimo cha matetemeko, hapo hakuna ubishi maana vituo vya dunia nzima vinavyolinda marufuku ya majaribio vinasubiri kitu kama hicho, kimoja kiko hapo Kilimambogo Kenya. Tarehe 23 likaja dogo, 3 na ushee, karibu na palepale. Wachina wakasema tunahisi mlipuko, Korea Kusini wakasema hapana, hili la asili. Mtikisiko mmoja majibu mawili!

Wanaoamini mashine wana hoja nzito. Bomu linasukuma mwamba kwenda nje pande zote kwa mpigo, ndo maana kwenye mchoro mstari unaruka juu ghafla kila kituo, wimbi la P, lile la kwanza kufika linalosukuma na kuvuta, nene, halafu la S linalofuata, lile la kutikisa mwamba upande kwa upande, limekonda. Kwenye tetemeko mwamba unateleza, vituo vingine vinasukumwa vingine vinavutwa, na S inakuja na fujo zake zote. Kina cha mtikisiko nacho kinasema, nani atachimba kilomita 10 akaweke bomu? Wakorea Kusini wakatafuta mpaka ile sauti nzito ya mlipuko ambayo sikio halisikii, hamna kitu, na baadaye Wachina wenyewe wakarudi nyuma.

Ila wenye mashaka sio wajinga. Mtikisiko wa 3 ukifika kituo cha mbali S yake inamezwa na kelele za upepo na bahari, unabaki kutegemea vituo vya karibu tu. Halafu bomu ukilining'iniza ndani ya pango linanyamaza sana, Wamarekani walijaribu Mississippi 1966 kwenye shimo la chumvi na mtikisiko ukashuka kama mara 70.

Mimi niko na mashine, ila hilo neno "la asili" ndo linanikwaza. Eneo lile kabla halikujulikana kwa matetemeko, bomu la tarehe 3 likaulegeza mlima, dakika kama 8 tu baadaye sehemu ikaporomoka, na vitetemeko vimeendelea kwa miaka. Kila kikija inabidi mtu akae tena na mchoro aangalie S iko wapi.