Mengineyo ndiyo yanayotumaliza

Ukikaa Ujerumani muda wa kutosha utajikuta ndani ya Verein, yaani chama cha wanachama, utake usitake: timu ya mtaani, kwaya, wazazi wa chekechea. Nasi Waafrika Mashariki tulioko huku tunaandikisha vya kwetu. Waanzilishi 7, katiba, saini, mahakama ya wilaya, basi. Makaratasi hayajatushinda. Kinachotushinda ni kikao.

Sheria ya Wajerumani inasema jambo ambalo halikutajwa kwenye mwaliko haliwezi kuamuliwa na mkutano. Kwa hiyo wakifika kwenye mengineyo, wanatangaziana tarehe ya kuchoma nyama, wanashukuru aliyeleta keki, wanaondoka. Kwetu mengineyo ndiyo kikao chenyewe. Kufungua, yatokanayo, salamu za wageni, mpaka saa nne usiku, nusu ya watu wameshawahi treni, ndipo mwenyekiti anakohoa: "Kuna kajambo kadogo tu." Kajambo hako ni mchango wa yuro 50 kila kichwa. Aliyeondoka mapema anaukuta asubuhi kwenye kundi la WhatsApp, akigoma anaambiwa anajitenga na wenzake. Kisheria azimio hilo ni batili, lakini nani atampeleka ndugu yake mahakamani?

Kwenye fedha ndiko tofauti inakouma. Vyama vyao kwa kawaida huchagua wakaguzi wawili ambao si viongozi. Kabla ya mkutano wa mwaka wanakaa na mweka hazina, wanalinganisha risiti moja moja na taarifa ya benki. Kisha wanasoma ripoti mbele ya wote, na wanachama wanapiga kura kama uongozi umetimiza wajibu wake. Viongozi wenyewe kwenye kura hiyo hawanyooshi mkono. Mtu anauliza kuhusu vinywaji vya yuro 38, anajibiwa, wanaendelea. Kwetu swali hilohilo linajibiwa kwa swali: "Kwani unaniona mwizi?" Wazee wanaingilia, tuyamalize kindugu. Mara nyingi hata wizi haupo. Ni kwamba rambirambi zilipitia akaunti binafsi ya mweka hazina zikachanganyika na kodi yake ya nyumba, na risiti zile za karatasi laini zimeshafutika maandishi.

Tusisingizie utamaduni, jamani. Nendeni kwenye kikoba cha akina mama, kile kikundi cha kuweka na kukopa, Morogoro au Mwanza. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, sanduku lenyewe liko kwa wa nne. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, kitabu kinagongwa muhuri palepale. Mwenyekiti akichelewa analipa faini kama wengine na wala hanuni. Ukali huo ni wetu. Kwa maoni yangu unapotea huku kwa sababu mwenyekiti wa kikoba ana kazi tu, ilhali wa ughaibuni ana cheo: meza ya mbele, mwaliko wa ubalozini, picha na mgeni rasmi. Kuhojiwa mbele ya watu anakuona ni kuvuliwa suti.

Wajerumani nao wana ugonjwa wao. Ikifika zamu ya uchaguzi kila mtu anaangalia meza, wasije wakamtaja. Mwenyekiti anakaa miaka mingi kwa kukosa mrithi. Wa kwetu anakaa kwa kumkataa mrithi. Na msiba hausubiri mwaliko wa wiki mbili. Hapo kikoba kinawazidi: mfuko wa jamii una viwango vilivyokubaliwa mapema, mzazi kiasi hiki, mtoto kiasi hiki, mfiwa anapewa bila mjadala.

Kwa hiyo viwango hivyo viingizeni kwenye kanuni za chama chenu huku, malipo yatoke kwa saini mbili kupitia akaunti ya chama, taarifa itolewe kikao kinachofuata. Kwenye ajenda msiandike "masuala ya fedha". Andikeni "mchango wa yuro 50 kwa kila mwanachama kwa ajili ya ukumbi". Na mwenyekiti akikwepa kuitisha mkutano, someni katiba yenu. Kama haikutaja idadi nyingine, sehemu moja ya kumi ya wanachama wakiomba kwa maandishi, wakieleza lengo na sababu, analazimika kuuitisha.